Kadi Yako Inalala kwa Nani?

Chini ya kaunta ya maduka kadhaa ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na ya vibanda vya unga hapa Lodwar, utakuta kopo kuukuu la maziwa ya unga. Ndani yake mna kadi za benki zilizofungwa pamoja kwa raba. Kila kadi imebandikwa selotepu yenye jina la mwenyewe, na pembeni ya jina zimeandikwa tarakimu nne. Siku pesa za msaada zikiingia, mwenye duka huzibeba kadi zote hadi kwa ajenti, akatoa pesa za watu wote, akarudi, akakata chake na kumpa kila mtu kilichobaki. Asiyebakiwa na kitu huandikiwa upya palepale, unga na mafuta, na mwezi mwingine ukaanza.

Kule Marekani na Ulaya maduka makubwa humpa mteja kadi ya mkopo inayotumika katika duka hilo. Kwetu mteja ndiye anayempa mwenye duka kadi. Ubaya wake lakini ni uleule. Mkopo unaokufunga kwa muuzaji mmoja hukupandishia bei bila kukuambia, na uaminifu wako wote huishia kwenye daftari lake. Ukilipa vizuri miaka 5, hakuna benki inayojua. Ukichelewa mara moja, mtaa mzima umesikia.

Mtindo huu una historia yake. Mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa, ule tunaouita HSNP, umekuwa ukizilipa familia za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na katika awamu yake ya pili kiwango kilifika Sh5,400 kila baada ya miezi 2, kupitia akaunti za benki ya Equity zenye kadi. Kadi ile ilipofika vijijini, wenye maduka waliielewa mapema. Mtu ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ukame, ambaye jana hakukopesheka hata kibiriti, sasa alikuwa na pesa ambayo kila mtu anajua itaingia. Akaanza kuandikiwa. Watoto wakala wiki ambazo zamani wangelala njaa. Hilo ni jema, na asiyewahi kukosa unga ndani ya nyumba asije akalidharau.

Kakuma nako, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilileta Bamba Chakula: laini ya simu inayoingiziwa thamani ya kununua chakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa tu. Mwaka 2019 baadhi ya kaya za Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, zikahamishiwa pesa taslimu kupitia benki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia mabadiliko hayo walikuta madeni ya maduka ya chakula yameenea mno, na kadi za benki zikishikiliwa na wenye maduka kama dhamana. Angalia kinaya chake. Pesa taslimu zilitolewa ili mtu achague mwenyewe duka la kununua. Kadi ikishawekwa rehani, hana tena la kuchagua.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hukwepa. Tuseme pakiti ya unga ya kilo 2 ni Sh150 ukilipa mkononi, na Sh170 ukisema "niandikie". Shilingi 20 zinaonekana kama chenji ya peremende. Lakini umezilipa kwa kukopeshwa Sh150 kwa wiki 2 tu, mpaka pesa ziingie. Hiyo ni zaidi ya asilimia 13 kwa wiki 2. Ukiendelea hivyo mwaka mzima, unakopa kwa riba inayozidi asilimia 340. M-Shwari, mkopo wa simu, hutoza asilimia 7.5 kwa mwezi kabla ya kodi, na kila siku tunalalamika kwamba inatunyonya. Hustler Fund, mkopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Sh150 kwa wiki 2 ingekula chini ya shilingi moja. Najua, Hustler Fund ina masharti yake: kima cha chini ni Sh500, asilimia 5 huwekwa akiba kabla hujaishika, na inataka kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mkimbizi hayumo. Natoa mfano ili uone Sh20 ile ni mnyama wa aina gani.

Na hapo nimedhania kwamba bei ya mkopo imetajwa. Aghalabu haitajwi. Utapewa maharagwe ya mwaka juzi yasiyoiva, sukari iliyopimwa kwa kikombe chenye kitako kinene, mafuta ya chapa usiyoitaka kwa sababu ile unayoitaka "imeisha". Utafanya nini? Mdeni habishani bei. Anayelipa mkononi huvuka barabara akaenda duka la pili. Wewe kadi yako imo koponi, nawe unarudi palepale. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na daftari halina safu ya kuiandika.

Simlaumu mwenye duka kwa yote. Yeye naye amekopa kwa muuza jumla, na muuza jumla anasubiriwa na wenye malori wanaoleta bidhaa kutoka Kitale. Mteja wake anaweza kupata nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine, au akarudi kwao Sudan Kusini, au familia ikahama na mifugo kuelekea mpakani mwa Uganda, na deni likaenda nao. Mwaka 2025 ulionyesha hatari hiyo ilivyo. Fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula kambini ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kinachohitajika, na malipo ya pesa yakasimamishwa. Kadi zikabaki makoponi bila kitu ndani. Wenye maduka waliokuwa wamekopesha kwa kutegemea tarehe ya malipo wakajikuta na madaftari yaliyojaa majina na rafu tupu. Agosti mwaka huohuo WFP ikaanza kugawa msaada kwa makundi kulingana na uhitaji, na wapo waliojikuta nje kabisa ya orodha. Kwa hiyo unapokopa leo kwa kutegemea msaada wa mwezi ujao, jiulize kwanza: usipokuja, deni hili nitalilipa kwa mkaa, kwa vikapu, kwa mbuzi, au kwa nini? Ukikosa jibu, punguza unachoandikiwa. Kanuni ninayowapa jamaa zangu ni kwamba deni la duka lisizidi nusu ya pesa unazotarajia. Nusu ya pili iwe ya kununulia kwa mkono, popote panapouzwa nafuu.

Suala la namba ya siri halina mjadala. Kadi na namba ya siri vikiwa kwa mtu mmoja, mbele ya benki mtu huyo ni wewe. Pesa zikitoka zote, ukienda kulalamika tawini utaulizwa swali moja tu: nani alijua namba yako? Ukijibu kwamba uliitoa mwenyewe, kesi imekwisha. Tena fikiria kijana anayesaidia dukani, na mpwa aliyekuja likizo, na yeyote anayeweza kulifikia lile kopo. Kama ulishaitoa namba, ibadilishe wiki hii, kwenye mashine au kwa ajenti. Mwenye duka akiuliza, mwambie utakuwa unakwenda naye kwa ajenti siku ya malipo na kumlipa hapohapo mkononi. Mwenye duka mwungwana hukubali, kwa sababu anachotaka ni pesa zake. Anayekataa katakata amekueleza kitu kuhusu hesabu zake.

Kuitoa kadi yenyewe kunahitaji utaratibu. Wapo wanaokwenda benki kimyakimya, wakadai kadi imepotea, wakapewa mpya. Njia hiyo huwa tamu kwa mwezi mmoja. Mwenye duka akigundua, habari zinafika kwa wenziwe kabla ya jua kutua, na siku mtoto akiugua usiku hakuna atakayekufungulia dirisha. Afadhali uende mchana, duka likiwa halina watu, useme: "Boss, deni langu ni kiasi hiki. Nitakulipa kwa malipo matatu. Malipo ya kwanza leo, na naomba kadi nikae nayo." Uwe na pesa ya malipo ya kwanza mkononi, maneno matupu hayatoi kadi koponi. Ikiwa mna ugomvi wa hesabu, mwende na mtu wa tatu: kiongozi wa bloku kambini, au mzee wa mtaa au chifu ukiwa Lodwar. Hesabu zikisomwa kwa sauti mbele ya mzee huwa fupi zaidi.

Na ili kuwe na hesabu ya kusomwa, lazima nawe uwe na daftari lako. La Sh20 linatosha. Kila unachochukua kiandikwe mara mbili, kwake na kwako: tarehe, kitu, kiasi, bei, naye aweke sahihi. Kama husomi, mpeleke mtoto wa shule aandike, kisha upige picha ya ukurasa kwa simu ya jirani. Huko Kalobeyei wako akina mama wanaopanga mawe kwenye mkebe, jiwe moja kwa kila pakiti, na sijaona mwenye duka akibishana nao wanapoyamwaga juu ya kaunta. Uliza pia, kila mara, bei mbili: "Ya mkono ni ngapi, ya kuandika ni ngapi?" Swali hilo lina kazi hata usipopunguziwa kitu, maana anayeulizwa kila siku huona aibu kuongeza ovyo.

Nije sasa kwenye jina lako huko nje. Deni la daftari haliendi CRB, kwenye taasisi zinazotunza rekodi za mikopo. Wengi hufurahi wakisikia hivyo, lakini jambo hilo lina pande mbili. Mama aliyelipa duka lake bila kukosa tangu watoto wake wakiwa wachanga akienda kuomba mkopo wa kununua friji ya kuhifadhia samaki wa Kalokol, benki ikitazama haioni chochote. Kwa hesabu ya benki, mtu asiye na rekodi na mtu mwenye rekodi dhaifu hupangwa karibukaribu. Wakati huohuo simu yake inamwandikia historia asiyoijua. Siku mwenye duka alipobana, alikopa kwenye simu ili amlipe. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutoza asilimia 1 ya kiasi unachochukua, kisha ada ya kila siku kwa viwango vingi, na pesa yoyote ikiingia kwenye laini inakatwa kabla hujaiona. Kwa hiyo shilingi ileile inasubiriwa na wadai wawili, mwenye duka na simu, na simu ndiyo yenye mkono mrefu. Anachelewa hapa ili alipe pale. Akilala na deni la simu miezi kadhaa, ndipo jina linapofika CRB, na mara yake ya kwanza kujulikana na mfumo wa fedha wa nchi hii inakuwa kwa ubaya.

Kuna taasisi 3 zenye leseni ya kazi ya CRB Kenya: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Metropol hupima mtu kwa alama kati ya 200 na 900. Tangu Aprili 2020 deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kumwingiza mtu kwenye orodha mbaya. Anayekudai anapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukupeleka, na taarifa mbaya inaweza kukaa miaka 5 hata ukishalipa. Una haki ya kupewa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na ni ajabu wachache wanavyoidai. Idai kabla hujaenda kuomba mkopo au kazi inayotaka cheti cha CRB, maana kuna watu hapa Lodwar waliokuta mikopo ambayo hawakuichukua, iliyokopwa kwa laini walizowapa ndugu. Na akikupigia mkopeshaji wa simu akatisha kuwaambia watu walio kwenye orodha yako ya namba kwamba wewe ni mdeni sugu, kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza. Hifadhi ujumbe wake, usiufute kwa hasira.

Ili uaminifu wa dukani uanze kuonekana, upitishe mahali panapoacha alama. Mlipe mwenye duka kwa namba yake ya till kutoka laini yako mwenyewe hata kama umesimama mbele yake. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima inasomeka kwa afisa wa SACCO. Chama chenu kiwe na akaunti iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, pesa zisilale kwenye sanduku la mweka hazina. SACCO nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba yako, kwa hiyo Sh200 za kila wiki zina maana kuliko zinavyoonekana. Mkopo mdogo uliolipwa kwa wakati unakujenga, mradi uwe ulikuwa na kazi nao. Kukopa kwa ajili ya kupandisha alama tu ni kulipia hewa.

Neno fupi kuhusu simu na taa za sola za kulipia kidogokidogo, kwa sababu vijana wa Kakuma Town na wa Lodwar wamezikimbilia. M-Kopa walianza na sola mwaka 2012, Safaricom wakaja na Lipa Mdogo Mdogo Julai 2020 kwa Sh20 kwa siku. Chombo kikikosa malipo kinajifunga. Kwa mchuuzi anayetumia simu kupokea pesa, kufungiwa siku 3 ni kufungiwa duka. Kabla ya kutia sahihi, zidisha mwenyewe. Malipo ya kwanza Sh3,000 na Sh75 kwa siku 365 ni Sh30,375. Kama simu hiyohiyo inauzwa Sh17,000 mjini Kitale, Sh13,375 zinazobaki ndiyo bei ya haraka yako. Uliza pia kama malipo yako yanapelekwa CRB: mazuri na mabaya, au mabaya peke yake. Sheria iliyopitishwa Desemba 2024 imewaweka wauzaji wa namna hii chini ya macho ya Benki Kuu, kwa hiyo swali hilo si ujuaji, ni haki yako.

Wapo pia ndugu zetu waliopita Kakuma wakahamishiwa ng'ambo. Wavulana wa Sudan Kusini wapatao 3,800 walichukuliwa na Marekani kuanzia mwaka 2000, na maelfu ya Wasomali, Wakongo na wengine wakawafuata kabla ya mlango kufungwa Januari 2025. Kule, ukifika kulipia majaketi ya baridi ya watoto, mhudumu atakuuliza kwa tabasamu kama ungependa kadi ya duka na upunguziwe asilimia 15 au 20 leo. Shirika la kulinda watumiaji la nchi hiyo lilieleza Desemba 2024 kwamba kadi 9 kati ya 10 za maduka zina riba inayozidi asilimia 30 kwa mwaka. Kiwango cha kukopa huwa kidogo, na hapo ndipo alama zinapoumia. Katika alama za FICO, za kati ya 300 na 850, asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati na 30 na kiasi unachodaiwa. Ukipewa kadi ya dola 500 ukatumia 400, umekula asilimia 80 ya kiwango chako, na unaonekana mtu aliyebanwa hata kama unalipa kila mwezi. Lile ombi lenyewe nalo linaacha alama. Zile ofa za "bila riba miezi 12" zina mtego wake: ikibaki hata dola moja mwezi wa 12, nyingi hudai riba ya tangu siku ya kwanza.

Tofauti na daftari la Kakuma, kadi hiyo angalau hutoa ushahidi wa anayelipa vizuri. Mgeni asiye na rekodi anaweza kuanza na kadi moja, ikiwezekana ya benki inayotumika kila mahali, anunue vitu vidogo na kulipa deni lote kila mwezi. Yanayonisumbua zaidi ni yale ya simu za usiku. Mama anapiga kutoka Kalobeyei: kadi imeshikwa, hakuna chakula. Kijana aliye Kansas City au Minneapolis anatuma dola 100 kila mara, na matumizi yake ya nyumbani anayaacha yaende kwenye kadi ya duka kwa asilimia 30. Wanadaiwa wote wawili, kila mmoja kwenye duka lake, na dola 100 zinaishia kulipa unga uliokwisha kuliwa.

Ukiwa wewe ndiye unayetuma, omba kwanza picha ya ukurasa wa deni. Ongea na mwenye duka kwa simu, mwafikiane jumla. Tuma kiasi cha kufuta deni lote kwa mkupuo mmoja, ukikusanya na ndugu wengine ikibidi, kwa namba ya till ya duka, na mkubaliane kwamba kadi itatoka koponi siku hiyohiyo mbele ya kiongozi wa bloku. Mwezi unaofuata mama atakwenda mwenyewe kwa ajenti, kwa namba mpya ya siri, na atanunua kwa yeyote mwenye unga mzuri.